Herode ni jina au ni cheo?

SWALI: Nafundisha Shule ya Jumapili. Watoto wameniuliza: ikiwa Herode alikufa Yesu angali mtoto, imekuwaje Herode huyohuyo amkate Yohana kichwa, kisha amuue Yakobo kwa upanga? Niliwajibu kwamba Herode ni cheo, kama Farao. Nilikosea? Na watawala hao kwa pamoja tuwaite ukoo, nasaba au Maherodi?

JIBU: Mwalimu, hapo uliteleza kidogo. Farao ni cheo. Kwa Kimisri maana yake ni "nyumba kubwa". Kaisari lilikuwa jina la ukoo, likaja kuwa cheo. Herode ni jina la mtu ambalo wanawe na wajukuu walilirithi, wala halikupata kuwa cheo. Kwa hiyo liandike kwa herufi kubwa daima, na ukitaka kuwataja wote kwa mkupuo, Kiswahili kinakupa neno zuri: akina Herode.

Wa kwanza ni Herode Mkuu. Seneti ya Roma ilimpa ufalme wa Yudea mwaka 40 KK, akautwaa mji wa Yerusalemu mwaka 37 KK, akafa mwaka 4 KK. Aliyemwua Yohana ni mwanawe, Herode Antipa. Aliyemwua Yakobo ni mjukuu, Herode Agripa, aliyefariki mwaka 44 BK.

Kinachowachanganya wasomaji zaidi ni neno mfalme. Katika Luka 3:1, Biblia ya Union inasema "Herode mfalme wa Galilaya". Huyo ni Antipa, na ufalme hakuwa nao. Baba yake alipofariki, Augusto, Kaisari wa Roma, aliigawa nchi, Antipa akaambulia Galilaya na Perea kwa cheo cha Kigiriki cha tetrarka, yaani mtawala wa robo. Sarafu zake mwenyewe zimeandikwa hivyo: "ya Herode tetrarka". Mkewe Herodia alipoona Agripa, ambaye ni kaka yake, amepewa ufalme, alimshikilia mumewe aende Roma akauombe na yeye. Akaenda. Mwaka 39 BK Kaligula, Kaisari wa wakati huo, akamvua madaraka yote na kumhamishia Galia, Ufaransa ya leo. Neno lililomponza mtu kiasi hicho tusimpachike ovyo. Mimi huandika "mtawala wa Galilaya", au tetrarka nikiwa na nafasi ya kueleza.

Wafasiri haohao walipofika kwa Pilato walipatia kabisa: walimwita liwali. Watu wa pwani walilijua neno hilo kwa maliwali wa Sultani wa Zanzibar waliokaa Mombasa na Lamu, na Pilato naye alikuwa mtu aliyetumwa kutawala kwa niaba ya mkuu aliye mbali, ng'ambo ya bahari.

Sasa ukoo au nasaba? Yote mawili ni sahihi, ila hayabebi uzito uleule. Ukoo ni jamaa wote, Herodia akiwamo. Nasaba ni mstari wa uzazi, nani kamzaa nani, kwa hiyo ndilo neno la kutumia unapozungumzia haki ya kurithi kiti. Maherodi liache kando. Katika Mathayo 22:16 hao ni wafuasi wa upande wa Herode, si watoto wake.

Tofauti hiyo ilikuwa na uzito kwa Herode Mkuu mwenyewe. Baba yake, Antipatro, alikuwa Mwedomi, na wapo Wayahudi waliomwona Herode mgeni kitini. Waliomtangulia walikuwa Wahasmonei, kizazi cha Wamakabayo waliowaasi Wagiriki mwaka 167 KK. Akamwoa Mariamne, binti wa nasaba hiyo, kisha akamuua. Wana wawili aliozaa naye, Aleksanda na Aristobulo, nao akawanyonga. Agripa ni mtoto wa huyo Aristobulo. Watoto wakikuuliza tena, waambie Agripa alikuwa wa ukoo wa Herode, lakini kwa bibi yake alikuwa pia wa nasaba ya Wahasmonei.