Umebadilisha herufi ya jina la faili, Git inasema hakuna cha kukomiti

Mkuu, swali lako nimelielewa. Umebadilisha jina la faili kutoka Mteja.php kuwa mteja.php, kwenye laptopu yako ya Windows mambo yanakwenda, ukikomiti (yaani kuhifadhi mabadiliko ndani ya Git, programu inayotunza historia ya kodi) Git inajibu hakuna kilichobadilika, ukipeleka seva ukurasa unagoma. Kodi yako ni nzima, usiipekue.

Mimi lilinikuta nikimtengenezea mama mmoja wa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, mfumo wa kuandikisha magunia ya dagaa. Nilikuwa na Dagaa.php, nikaamua majina yote yawe herufi ndogo. Nikaliita dagaa.php, nikarekebisha kila linapoitwa, nikajaribu, safi. Kesho yake alfajiri mzigo wa Ukerewe unashushwa, simu inaita: "Mwanangu, mbona huku ni peupe tu?" Wabebaji wanapita na magunia mabegani, mama ameshafungua daftari anaandika kwa kalamu. Iliniuma sana, maana nilimwahidi kwamba daftari atapumzika nalo.

Chanzo ni hiki. Windows hutunza jina kama ulivyoliandika, lakini wakati wa kulitafuta haijali D kubwa wala d ndogo. Mac nayo, kwa mpangilio wake wa kawaida, ni hivyohivyo. Linux, ambayo ndiyo iko kwenye seva nyingi, huyaona hayo kuwa majina mawili tofauti kabisa. Sasa Git, unapoanzisha mradi au kuunakili kutoka seva, huipima diski yako. Ikikuta haijali herufi, inajiwekea core.ignorecase (mpangilio wa kupuuza herufi kubwa na ndogo) kuwa true. Orodha yake ya ndani inabaki na Dagaa.php. Ikiiuliza diski kama Dagaa.php bado lipo, diski inajibu lipo. Basi, kwake hakuna kipya, na seva inaendelea kupokea jina la zamani, huku kodi ikiita jipya.

Dawa ni kumwachia Git mwenyewe abadilishe jina:

git mv Mteja.php mteja.php

Kisha komiti. Kama umeshalibadilisha kwa mkono, lirudishie kwanza jina la zamani. Folda kwenye Windows huwa zinakataa kwa hatua moja, kwa hiyo pitia jina la katikati: git mv Wateja wateja_muda, halafu git mv wateja_muda wateja.

Kuna watu watakushauri uweke core.ignorecase kuwa false. Tafadhali usifanye hivyo. Mimi nilifanya, nikaishia na Dagaa.php na dagaa.php zote mbili ndani ya mradi, moja ina kodi mpya na nyingine ya zamani. Mwenzangu wa Nyegezi alipounakili mradi kwenye Windows yake, Git ikamwonya kuwa majina yamegongana (onyo hilo lipo tangu toleo la 2.20), na kwenye folda akapata faili moja tu. Kusafisha hapo kulitula siku nzima.

Kabla ya kupeleka chochote seva, andika git ls-files usome majina kama Git inavyoyajua, siyo kama folda inavyokuonyesha. Amri hiyo ndiyo iliyonionyesha ile D kubwa asubuhi ile, mama akiwa ameshafika ukurasa wa pili wa daftari.