Umeitwa mafunzo tarajali idara ya mahusiano ya serikali, kampuni ya betri za gridi: niliyoyaona mimi

Mdogo wangu, umeuliza kama uikubali nafasi ya miezi mitatu kwenye kampuni inayojenga betri kubwa za kuhifadhi umeme. Umesema umesoma sayansi ya siasa, mambo ya umeme huyajui, na unahofia kwamba kazi yenyewe ni kuwabembeleza wabunge. Mimi nilipita humo humo nikiwa na shahada ya sheria. Ikubali, ila ingia ukijua unakwenda kufanya nini. Mwezi wangu wa kwanza ulipotea kwa kutojua.

Kubembeleza sikukuona. Miezi yote mitatu niliingia ofisi ya mbunge mara mbili tu, na zote mbili nilikaa pembeni nikiandika. Kazi kubwa ni kusoma. Unaletewa rasimu ya kanuni yenye kurasa mia mbili, unatafuta sentensi moja inayoigusa betri, au mahali ambapo betri ilipaswa kutajwa ikasahauliwa. Huko kusahauliwa ndiko kunakoumiza zaidi.

Nieleze kidogo hapa. Sheria nyingi za umeme ziliandikwa wakati wanajulikana watu wa aina mbili: mzalishaji na mtumiaji. Betri ni wote wawili. Inapochaji, kanuni inaiona mtumiaji. Inapourudisha umeme, inaiona mzalishaji. Sheria isipoipa nafasi yake, umeme ule ule unatozwa ada ya gridi unapoingia kwenye betri, kisha unatozwa tena ukifika kwa mtumiaji wa mwisho. Nimeona hesabu za mradi mzuri, wenye ardhi na vibali, zikigoma kwa sababu ya aya moja ya namna hiyo. Mhandisi hawezi kuitengeneza aya. Anayeweza kuishughulikia ni mtu anayejua kusoma sheria na kuandika maoni yanayoeleweka, na huyo unaweza kuwa wewe.

Kabla ya siku ya kwanza, soma wenzetu walivyolitatua. Umoja wa Ulaya uliweka tafsiri ya uhifadhi wa nishati kwenye agizo lake la soko la umeme la 2019. Uingereza, kwa Sheria ya Nishati ya 2023, ilitamka kwamba uhifadhi ni tawi la uzalishaji linalojitegemea. Marekani, mdhibiti wa shirikisho, FERC, alitoa Amri Na. 841 Februari 2018 akiyataka masoko ya umeme yaliyo chini yake yaondoe vizuizi dhidi ya betri. Amri hiyo ilipingwa mahakamani, na Julai 2020 mahakama ikaiacha isimame. Nafuu ya kodi huko Marekani nayo ilikuwa na mkwamo wake: betri iliyosimama peke yake, isiyotegemea sola, iliingizwa rasmi kwa sheria ya Agosti 2022. Usikariri tarehe. Tazama jinsi neno moja la tafsiri linavyobadilisha nani anajenga na nani anaacha.

Sasa kosa langu, ili wewe usilirudie. Muhtasari wangu wa kwanza wa ukurasa mmoja ulikuwa unakwenda kwa mshauri wa kamati ya bunge, nami nikaandika "mradi wa megawati 400". Mradi ulikuwa wa megawati 100 kwa saa nne, yaani megawati-saa 400. Msimamizi wangu, mama mmoja mpole lakini asiyeachia kitu, aliizungushia namba ile kalamu nyekundu. Akainua chupa ya maji iliyokuwa mezani, akagusa mdomo wa chupa: "Hii ni megawati, kasi ya kutoka." Akagusa tumbo la chupa: "Hii ni megawati-saa, kilichomo." Kisha akaniambia nikaitafute betri ya Hornsdale, Australia Kusini, iliyowashwa mwishoni mwa 2017, mwaka mmoja baada ya jimbo zima kukosa umeme Septemba 2016. Ilianza na megawati 100 na megawati-saa 129. Piga hesabu mwenyewe: ikitoa kwa nguvu zote inamalizika kwa saa moja na robo hivi. Anayedhani ilijengwa kuwasha jimbo zima usiku kucha ataiona imeshindwa. Anayejua kwamba kazi yake kubwa ni kuituliza gridi ndani ya sekunde chache ataielewa. Mshauri wa kamati akikukuta na namba mbovu mara moja, hata ile ya kweli utakayoleta kesho ataitilia shaka.

Kilichonigusa kuliko vyote kilikuwa mkutano wa wakazi. Watu walikuwa na hofu ya moto, na hawakuwa wakibuni. Aprili 2019 huko Surprise, Arizona, kituo cha betri kililipuka na kujeruhi wazima moto. Januari 2025, moto wa Moss Landing, California, uliwahamisha watu zaidi ya elfu moja. Mwanamke mmoja alisimama akauliza: "Moshi ukielekea shuleni, nani atanipigia simu?" Mhandisi wetu akajibu kwa majina ya vipimo vya usalama, yote sahihi, na nikaona nyuso zinafunga. Msimamizi wangu akamwomba mhandisi kipaza sauti, akasema jibu hilo hana leo, ataleta kwa maandishi.

Kulitafuta nikaachiwa mimi. Wiki mbili nilikuwa kwa mkuu wa zimamoto na kwa mwalimu mkuu, tukapanga nani anampigia nani, kwa mpangilio gani. Nilijifunza pia kutofautisha: Moss Landing betri zilikuwa zimejazwa ndani ya jengo moja, zetu zilikuwa kwenye makontena ya nje yaliyoachiwa nafasi. Kemia ya zetu ni ya fosfati ya chuma, inayostahimili joto zaidi, lakini nayo ikiharibika hutoa gesi zinazoweza kulipuka. Tuliandika yote mawili kwenye barua. Mpaka leo naamini ile barua ndiyo kazi bora niliyoifanya pale.

Kitu kimoja cha kukataa. Mtu wa idara nyingine aliniomba niandike barua za kuunga mkono mradi, kisha watafutwe wakazi wa kuzitia saini kana kwamba wameandika wenyewe. Nilimpelekea msimamizi, akalizima siku hiyo hiyo. Ukiombwa hivyo, usione aibu kupeleka juu. Uliza pia mapema sheria ya huko ulipo inasemaje kuhusu kujisajili kwa wanaowasiliana na watunga sheria kwa niaba ya kampuni, na wewe mtarajali unahesabiwaje.

Kwenye mahojiano uliza utakaa karibu na nani. Wakikuweka mbali na wahandisi, omba saa moja nao kila wiki. Na wiki ya kwanza omba upelekwe eneo la mradi, usimame kati ya makontena usikie feni za kupoza zinavyovuma. Wakazi watakuuliza kuhusu sauti hiyo, na utatakiwa uwe umeisikia mwenyewe. Vaa viatu vya kufunika mguu, bila hivyo hawakupitishi getini.