Mwalimu uliye nje unataka kurudi Bongo? Anza na kalenda kabla ya tiketi

Watu wakisikia nilikuwa nafundisha hesabu Marekani kwa viza ya J-1, ile ya programu za kubadilishana walimu, wanauliza kwanini nilirudi. Jamani viza yenyewe ina mwisho, miaka mitatu, ukiongezewa sana inafika mitano, basi. Kwahiyo mwenzangu ambae mkataba unaisha mwakani, cha kujiuliza ni utarudi kufanya nini, na hilo lijibu ukiwa bado unapokea mshahara wa huko.

Kitu wengi hawakifikirii ni kalenda. Shule za kule zinafunga mwezi wa 5 au wa 6, unapanda ndege unafika Dar unakuta mwaka wa shule uko katikati, shule nyingi binafsi zinatafuta walimu kuanzia mwezi wa 11 kwa ajili ya Januari, hapo kati unakula akiba na ukoo mzima unajua umetoka Marekani. Shule za kimataifa, zile zinazofuata mitaala ya nje ya Cambridge na IB, ndo zinaanza mwezi wa 8 au wa 9 lakini zinatafuta watu mapema sana, usaili kwa video, ndomaana mimi niliomba nikiwa hukohuko nikarudi na mkataba umeshasainiwa. Na wala hawakuhangaika na habari za Marekani, walitaka kuona namfundishaje hesabu za sehemu (fractions) mtoto anaechukia hesabu, nikapewa kipindi nikafundisha wanaangalia. Kwahiyo ukiwa huko weka kumbukumbu za kazi zako, maandalio, mitihani uliyotunga, barua ya mkuu wa shule. Hiyo barua iombe kabla hujaondoka, ukishaondoka wanakusahau.

Serikalini sikwenda ila nawajua waliojaribu. Umri usizidi miaka 45, isipokuwa kama tayari ni mtumishi, na siku hizi walimu nao wanaitwa kwenye usaili na Sekretarieti ya Ajira, ile ya kuomba TAMISEMI ukasubiri kupangiwa kituo isahau. Kama ulisoma masters huko hakikisha TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, wameitambua, hilo anza nalo mapema maana ukikosa karatasi moja kutoka chuo cha nje kuifuatilia ukiwa Dar ni kazi. Na mtaala umebadilika, ulianza kutumika 2024 kidogo kidogo, usije na maandalio ya zamani.

Alafu kuna ushauri wa kijiweni, "fungua shule". Kila mtu atakwambia hivyo mpaka mjomba. Mimi nasema hapana, au tuseme bado. Usajili una masharti yake, ardhi, majengo, vyoo, walimu wenye sifa, hela ya mtu wa dola inaishia kwenye msingi na wazazi wanalipa ada kwa vipande. Fanya kazi kwenye ingilishi midiamu ya mtu kwanza, ujue ada inakusanywaje na walimu wanalipwa nini mwezi wa 12 shule ikiwa imefungwa, ukitoka hapo bado unataka, haya.

Waliokuwa wanafundisha Kiswahili wana njia nyingine, BAKITA, yani Baraza la Kiswahili la Taifa, wanaendesha mafunzo ya kufundisha Kiswahili kwa wageni na wanafunzi wa mtandaoni hawajali unaishi Tabata au Texas.

Kwenye mshahara, usibadilishe kuwa dola utaumwa kichwa bure. Angalia kinachobaki mkononi. Kama una deni la HESLB, mkopo wa chuo, wanakata asilimia 15, kuna PAYE ambayo ni kodi ya mshahara, kuna NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Hiyo NSSF ndo ya kuchunguza kwenye shule binafsi, wapo wanaokata na hawapeleki, kwahiyo kabla ya kusaini mtafute mwalimu wa pale pembeni muulize kama michango yake inasoma kwenye akaunti yake ya NSSF. Akicheka tu, omba kwingine.