Anarudi Kutoka Msituni: Mambo ya Kupanga Kabla Hajafika Nyumbani

Redio ikitangaza kwamba wapiganaji wameanza kusalimisha silaha, watu hushusha pumzi wakidhani kazi imekwisha. Nimekaa miaka mingi nyuma ya meza za kuwaandikisha wanaotoka jeshini na msituni, kisha nikawa nawafuatilia huko walikokwenda. Bunduki ndiyo rahisi kuipokea: inahesabiwa, inaandikwa namba, inafungiwa ndani ya kontena. Shughuli ipo kwa aliyeibeba, na hiyo haiishii kambini. Inamaliziwa na ninyi mnaompokea: mke au mume, wazazi, majirani, kiongozi wa mtaa, mwajiri. Kwa hiyo makala hii naiandika kwenu zaidi kuliko kwake.

Kipindi cha hatari ni kuanzia anapotoka getini na kadi yake ya kuachishwa jeshi mpaka siku anapotia mfukoni hela yake ya kwanza isiyotokana na vita. Katikati hapo ana muda mwingi kupita kiasi, hela kidogo, na namba ya simu ya kamanda wake. Karibu kila niliyesikia amerudi msituni alirudi katika kipindi hicho.

Iraq ilionyesha jambo hili kwa ukubwa wa nchi nzima. Tarehe 23 Mei 2003 Paul Bremer, mkuu wa utawala wa muda uliowekwa na Marekani na washirika wake, alitoa Amri Namba 2, na jeshi zima likafutwa kwa kalamu. Mamia ya maelfu ya watu wenye mafunzo ya kijeshi wakaamka hawana mshahara wala cheo, wala ofisi ya kwenda kuuliza. Ilichukua kama mwezi mmoja, na maandamano yaliyomwaga damu, ndipo wakaahidiwa posho. Baadhi ya maofisa wale waliishia kwenye uasi uliofuata. Tukumbuke pia kwamba wiki moja kabla, Amri Namba 1 ilikuwa imewaondoa makada wa chama cha Baath, kilichokuwa chama tawala cha Saddam Hussein, katika kazi za serikali, wakiwemo walimu. Wapo wanaosema jeshi lile lisingevunjwa kabisa. Huo ni mjadala wa siasa na sitauingia. Kwangu mimi lililoumiza ni kulivunja bila kuweka hata meza moja ya kuwapokea waliovunjiwa.

Msidhani ni majeshi yaliyoshindwa tu yanayoleta shida. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Uingereza ilipanga kuwatoa kwanza wale waliokuwa na kazi zinazowasubiri. Kwa uchumi, mpango uliingia akilini. Lakini wengi wenye kazi zinazowasubiri walikuwa wameingia jeshini juzijuzi, huku waliokaa kwenye mahandaki tangu mwanzo wakiambiwa wangoje. Januari 1919 maelfu ya askari waligoma pale Folkestone, wakakataa kupanda meli kurudi Ufaransa. Winston Churchill, aliyekuwa ndiyo kwanza ameshika wizara ya vita, akabadilisha utaratibu: umri, muda wa utumishi na majeraha vikawa ndiyo kigezo. Nami nimeyaona haya kambini kwa udogo wake. Askari anavumilia kungoja. Asichovumilia ni kuona aliyekuja jana anapanda gari kabla yake na hakuna anayemweleza kwa nini. Kama una sauti katika kupanga orodha, ibandike ukutani, majina na sababu.

Sasa niwaambie kuhusu ile meza. Juu yake kulikuwa na daftari, mhuri, na bunduki moja ya AK isiyo na risasi. Anayesema alikuwa mpiganaji anaambiwa aifungue na kuiunganisha tena. Kijana mmoja aliifanya hiyo kazi bila kuitazama, anaongea na mwenzake nyuma kuhusu mpira, mikono inajua yenyewe. Nikagonga mhuri. Aliyemfuata alikuwa dada wa kikosi hicho hicho, aliyechukuliwa akiwa binti mdogo. Alibeba masanduku ya risasi, alipika, alizaa humo humo. Bunduki hakuijua kuifungua. Fomu haikuwa na mahali pa mtu kama yeye, akarudishwa na mtoto wake mgongoni.

Alikuwa na wenzake wengi duniani. Sierra Leone, pale sharti lilipokuwa kuonyesha silaha, wanawake na wasichana wengi waliachwa nje ya mpango kwa njia hiyo hiyo. Kwa walio chini ya miaka 18 siku hizi mwongozo uko wazi: Kanuni za Paris za mwaka 2007 zinamhesabu mtoto yeyote aliyetumiwa na kikosi, hata kama alikuwa mpishi au mchukuzi, na kutoka kwake hakupaswi kungoja aonyeshe bunduki. Basi mkimpokea binti aliyerudi bila kadi, msikubali kuambiwa hayumo. Ulizeni ofisi inayoshughulikia watoto waliotoka vitani, na muwe na mtu wa kumsindikiza, maana peke yake hatakwenda mara ya pili.

Upande wa pili wa sharti la silaha ni biashara. Liberia, Desemba 2003, zoezi la kupokea silaha lilianzia kambi ya Camp Schieffelin karibu na Monrovia, wakajitokeza watu wengi kuliko maandalizi, vurugu zikazuka, likasimamishwa mpaka Aprili 2004. Mtu aliweza kuingia hata kwa risasi 150, na kila aliyekubaliwa alipewa dola 300 kwa awamu mbili. Kamanda mwenye ghala la risasi akawa na tiketi za kugawa: kwa shemeji, kwa mpwa, kwa yeyote aliyekubali kumkatia chake. Mwishoni waliandikishwa zaidi ya watu 100,000, silaha zilizopatikana zikiwa kama 28,000. Siwalaumu sana waliojipenyeza, njaa ni njaa. Ila kila nafasi iliyonunuliwa ilimlipa yule yule kamanda ambaye mpango ulitaka kumpunguzia nguvu.

Ndiyo maana nasisitiza kuhusu kiinua mgongo. Siku ya malipo kamanda hatafutwi. Yupo ng'ambo ya barabara, chini ya mti, na kila anayetoka dirishani anapita kwake kwanza. Hela ikitolewa yote kwa mkupuo, imekwisha kabla ya jioni. Msumbiji walifanya vizuri zaidi. Baada ya mkataba wa amani wa Roma wa Oktoba 1992 waliachishwa askari wapatao 90,000 wa serikali na wa waasi wa Renamo, na walilipwa kidogo kidogo kwa miaka miwili, kupitia benki, katika wilaya ambayo askari mwenyewe alichagua kwenda kuishi. Wapo waliolalamika kwamba hawakufundishwa kazi ya maana, na malalamiko yao yana uzito. Lakini mtu alikuwa na sababu ya kubaki pale alipo, mbali na kikosi chake, mwezi baada ya mwezi. Vita havikurudi kwa miaka mingi.

Kwa familia: kama mpango unamruhusu kuchagua kati ya mkupuo na awamu, achague awamu. Akaunti ifunguliwe karibu na nyumbani. Mkae naye kabla ya malipo ya kwanza, mjue anadaiwa na nani, maana deni la kikosini hufuata mtu mpaka mlangoni. Na tafadhali, ninyi wenyewe msiwe kamanda wa pili. Nimeona kaka wa damu wakigawana hela ya ndugu yao kabla hajaketi.

Sherehe kubwa ya mapokezi siipendi. Jirani aliyempoteza mwanawe anaisikia ngoma hiyo ukutani. Mpokeeni kwa watu wachache, kisha wazee waende kwa jirani huyo siku ya pili au ya tatu, wakiwa bila yeye, wasikilize. Kuna mitaa ambayo hilo tu lilizuia kisasi. Na kuna ambayo halikutosha, ikabidi mtu akaishi kwingine. Kuishi kwingine si aibu. Colombia, mamia ya waliokuwa wapiganaji wa kundi la waasi la FARC wameuawa tangu mkataba wa amani wa 2016, wakiwa wamekwisha weka silaha chini. Swali la usalama wake liulizwe mapema, kwa sauti, na liwe na jibu.

Wiki za kwanza ataamka alfajiri kabla ya kila mtu, amevaa, hajui la kufanya. Mama mmoja alinisimulia kwamba mwanawe alikuwa akifagia uwanja, kisha anasimama wima kando ya mlango kama aliye lindoni, mpaka yeye amwambie, "Mwanangu, ingia ndani ule." Jeshini mtu hupangiwa saa zote. Mpeni ratiba, hata ya kazi ndogo: kuchota maji, kumpeleka mtoto shule, kumsaidia fundi bila malipo makubwa. Iwe na saa ya kuanza na mtu anayemsubiri. Msimwamshe kwa kumgusa. Mwiteni jina kutoka mlangoni. Msimuulize ameua wangapi, na mzuieni mjomba anayeuliza akishalewa. Asipolala wiki nyingi, akipiga watu, akinywa kila siku, hilo ni la hospitali, na aende na mtu.

Mwisho kuna jambo ambalo mipango mingi hulipita haraka: raia nao huingizwa vitani, na hakuna anayewaandikia kadi ya kutoka. Wakati wa machafuko mtaa huweka kizuizi cha barabarani, vijana wa doria, filimbi, orodha ya wasaliti. Amani ikija, mpiganaji anasalimisha bunduki, na kizuizi kinabaki na vijana wake wanaotoza watu. Ireland ya Kaskazini, kundi la IRA, lililopigana kuutoa utawala wa Uingereza, lilikamilisha kuziondoa silaha zake mwaka 2005, lakini kuta zinazotenganisha mitaa ya Wakatoliki na Waprotestanti mjini Belfast bado zimesimama, na baadhi zilijengwa baada ya mkataba wa amani wa 1998. Wakazi wenyewe ndio wengi wao wanaoogopa zikiondoka, nami sidhani ni haki kuwacheka.

Kwa hiyo viongozi wa mtaa, wekeni tarehe ya kuondoa kizuizi kabla mtu wa kwanza hajarudi, muitangaze. Vijana wa doria waagwe hadharani, washukuriwe, na wapewe nafasi katika mafunzo yale yale ya ufundi wanayopewa wapiganaji. Wakiachwa, watauliza kwa nini aliyeshika bunduki amelipwa na wao waliolinda hawakupata kitu, na swali hilo halina jibu zuri. Filimbi na marungu vikusanywe. Na ule daftari wa majina ya wasaliti, msiuchome. Mna haraka ya kuuchoma, naelewa, lakini ndani yake huenda kuna jina la mtu ambaye familia yake bado inamtafuta. Wekeni sahihi za watu watatu kwenye bahasha, muukabidhi kwa tume au mahakama inayopokea ushahidi, mpewe hati ya kupokelewa, na nakala ya hati hiyo ibaki kwa mtu ambaye hakuwa kwenye doria.