Kutaja rangi kwenye insha ya kuomba chuo Marekani

Mkuu, umeuliza kama mpwa wako aliyekulia Minneapolis akiandika kwenye insha yake kuwa ni mweusi, chuo kitamtupa. Hakimtupi. Waliofungwa mikono ni maofisa udahili, si yeye.

Hukumu unayoisikia ni ya 29 Juni 2023. Mahakama ya Juu ilisema Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina walivunja sheria ya usawa kwa kumwongezea mwombaji uzito kwa sababu ya rangi yake. Ila Jaji Mkuu Roberts mwenyewe aliacha upenyo: chuo kinaweza kuzingatia jinsi rangi ilivyogusa maisha ya mtu, mradi kinampima kwa ujasiri au uwezo wake binafsi. Hapo hapo akaonya insha zisigeuzwe mlango wa uani wa kurudisha upendeleo wa rangi.

Kwa hiyo "mimi ni mweusi" peke yake haimsaidii. "Nilikuwa mweusi pekee darasani, nikaanzisha klabu ya hisabati" inamsaidia.

Viti vya mgao, yaani nafasi zilizotengwa kwa rangi, vilishakufa tangu kesi ya Bakke katika Mahakama hiyo hiyo, 1978, baada ya shule ya udaktari ya Davis, California, kuwatengea waombaji wa jamii za wachache nafasi 16 kati ya 100. Ikabaki hoja kwamba chuo kiangalie rangi ili kipate mchanganyiko wa wanafunzi, jambo ambalo mwaka 2003 Jaji O'Connor wa Mahakama hiyo alitarajia lisingehitajika tena baada ya miaka 25. Haikufika hata hiyo miaka 25.

Kinachonikera mimi: upendeleo kwa watoto wa waliosoma hapo zamani hukumu haikuupiga marufuku. Lakini huo ni uzi mwingine.