Hiyo ni duaradufu, na kosa lako liko hapa

Mdogo wangu wa Nyegezi, umeuliza 4x² + 9y² − 16x + 18y − 11 = 0 ni umbo gani, na mbona ukikamilisha mraba kulia unapata 16 wakati kitabu kina 36.

Kama hakuna xy, tazama namba zilizo mbele ya x² na y². Zikilingana, tegemea duara. Alama moja ila namba tofauti, duaradufu, yaani kama duara lililobanwa. Alama zikipingana, haipabola, yaani mikunjo miwili inayopeana mgongo. Mraba ukiwa mmoja tu ni parabola, umbo unalolipata ukilikata katikati dishi la televisheni, na mapaa ya Igogo yamejaa hayo. Yako ina 4 na 9, basi tegemea duaradufu.

Sasa hiyo 16. Panga hivi kwanza:

4(x² − 4x) + 9(y² + 2y) = 11

Kukamilisha mraba, yaani kufanya mabano yawe (x − 2)² na (y + 1)², unaongeza 4 kwenye mabano ya kwanza na 1 kwenye ya pili. Wewe ukapeleka 4 na 1 kulia. Lakini mabano yanazidishwa! Kushoto umeongeza 4×4 na 9×1, basi kulia ni 11 + 16 + 9 = 36. Gawanya kote kwa 36:

(x − 2)²/9 + (y + 1)²/4 = 1

Kitovu (2, −1). Nusu ya mhimili mrefu 3, mfupi 2.

Mtego ambao watunga mitihani wanaupenda: badala ya −11 ikiwa +25, kulia inabaki 0. Hapo hakuna duaradufu, ni nukta moja tu. Kwa hiyo usitaje jina la umbo kabla hujakamilisha mraba.