Jaji Davis na shamba la minazi

Mwanangu Zuhura,

Umeniuliza kama wakili akishaingia siasa anaweza kuja kuwa jaji watu wasimtilie shaka. Nimekuelewa: wamekufuata ugombee udiwani. Hilo mbona dogo. David Davis, yule niliyewachosha naye nyote wakati wa chakula, alikuwa wakili Illinois, Marekani, akawa jaji wa mzunguko tangu 1848, akihama mji kwa mji na mawakili, Abraham Lincoln akiwamo. Kwenye nyumba za wageni mawakili walibanana wawili kitanda kimoja; Davis, kwa unene ule, alipewa chake. Mwaka 1860, angali jaji, ndiye aliyempigia Lincoln kampeni ateuliwe kugombea urais, kwenye mkutano wa chama cha Republican Chicago. Mwaka 1862 Lincoln, sasa rais, akamteua jaji wa Mahakama ya Juu. Utasema huyo ni mtu wa mtu. Lakini 1866 aliandika hukumu ya kesi ya Milligan, raia aliyehukumiwa na mahakama ya kijeshi: mahakama za kiraia zikiwa wazi, raia hapelekwi mbele ya mahakama ya kijeshi. Na aliyempeleka Milligan huko ni serikali ya Lincoln huyo huyo!

Linaloniuma mimi ni 1877. Hayes wa Republican na Tilden wa Democrat wanagombania urais, kura zina utata, ikaundwa tume ya watu 15. Saba wa chama hiki, saba wa kile, na wa mwisho wote walitarajia awe Davis, asiye na chama. Mara Bunge la Illinois likamchagua useneta, naye akakataa kukaa kwenye tume. Akaingia Jaji Bradley wa Republican. Nane kwa saba, Hayes akawa rais. Na ujaji wenyewe Davis alikuwa hajauacha! Aliushikilia mpaka Machi, tume imeshamaliza kazi.

Kila nikifika hapo namwona babu yako mdogo siku ya kikao cha mirathi. Ubishi ulikuwa kama marehemu alimpa mama yangu lile shamba la minazi akiwa hai. Upande wa mke mkubwa walimwamini awe mwamuzi, sisi tulimwamini. Kumekucha, kavaa kanzu, mkoba kwapani, ati wanunuzi wa machungwa wanamngoja Muheza. Akakalishwa mwingine mahali pake, na shamba unajua liko kwa nani leo. Nimesema na nasema tena: aliyeaminiwa na pande mbili hana ruhusa ya safari.

Ingawa Davis useneta hakuuomba, alipewa. Na ujaji ulikuwa umeshamchosha. Tena kwa nini nchi nzima imtwishe mtu mmoja mzigo walioufunga wao? Haya, lakini Aprili ya mwaka ule ule Hayes akawaondoa askari waliokuwa wakizilinda serikali za Republican South Carolina na Louisiana, na Weusi wa huko wakakosa mlinzi. Aliyeaminiwa na pande mbili... Au ruhusa anayo?

Kalamu inataka kuandika "mwoga", naizuia. Watoto wa babu yako mdogo wanakuja kutusalimia kila Idi.

Kuhusu udiwani, muulize mama yako. Wapiga kura wa kata hiyo anawajua yeye.

Baba yako